Muungano wa Kamera za Dundori Uvunjwe Kabla Sijafa

Gachanja Muiruri (Mwalimu Mstaafu),
Kitandani,
Dundori, Nakuru.

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Kulinda Ushindani wa Biashara,
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

MINT: UKIRITIMBA WA VIDEO ZA RURACIO, NA UFUPI WA MUDA WANGU

Natumaini u mzima. Mimi si mzima, na nataja jambo hilo mapema ili usije ukaiweka barua hii chini ya zile za watu wenye afya wanaoweza kungoja.

Nilifundisha Historia kwa maisha yangu yote ya kazi katika shule moja ya kutwa hapa Dundori. Hivi majuzi nilipelekwa kwa daktari mjini Nakuru. Alinipima, akaniambia kwa upole kwamba kuanzia sasa nile chochote ninachopenda. Sue, mke wa mwanangu, alitoka pale akishangilia na kuninunulia nyama ya kuchoma, akidhani nimepona. Lakini mtu aliyekatazwa chumvi, sukari na mafuta tangu astaafu, akiambiwa ghafla ale chochote, hahitaji kamusi.

Nimebakiwa na haja moja tu duniani. Nataka kumwona mjukuu wangu Mugure, binti wa Sue, aliyepewa jina la marehemu mke wangu, akilipiwa mahari nyumbani kwetu katika sherehe tunayoiita ruracio. Mchumba wake ni Micah Kosgei wa Molo, kijana mwenye adabu ambaye kasoro yake pekee ni kutia sosi ya nyanya kwenye mukimo. Mbuzi wako tayari. Wazee wa pande zote mbili wamekubaliana mpaka wameanza kutaniana. Kinachokosekana ni tarehe, na tarehe imekaliwa na mtu mmoja anayeitwa Kiarie, mwenyekiti wa Muungano wa Hataza za Kamera, Dundori na Viunga vyake.

Nilimwita Kiarie hapa nyumbani. Alikuwa mwanafunzi wangu, na bado huvua kofia akiingia. Alitazama simu yake kwa muda mrefu, akatikisa kichwa, akasema, "Mwalimu, hapo labda Disemba ya mwaka ujao. Na hiyo ni kwa sababu ni wewe."

Mheshimiwa, mimi Disemba ya mwaka huu naiona kwa mbali kama mtu anayeiona Ulaya. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu rasmi kama ifuatavyo.

1. Muungano huu ulizaliwa kinyume cha maadili ya biashara. Hapo zamani tulikuwa na wapiga video wanne, na walichukiana kwa namna iliyotufaa sana wateja. Kiarie alikuwa na droni. Wa pili alikuwa na kile chuma kirefu cha kuinulia kamera juu ya watu. Wa tatu alikuwa na taa, na wa nne kompyuta ya kuunganishia picha. Kila mmoja alidai kwamba wenzake wamemwibia ujuzi. Siku moja walikutana hotelini kupigana, mwenye hoteli akawaletea mbuzi wa kuchoma kwa makosa, wakala, na wakatoka wakiwa kitu kimoja. Nimefundisha miaka mingi na naweza kukuhakikishia: washindani wanne wakila mbuzi mmoja, aliyenunua mbuzi huyo ni mteja.

2. Wanamiliki mambo yasiyomilikiwa. Unajua vyema kwamba hataza ni haki ya mvumbuzi kumzuia mwingine asitumie uvumbuzi wake. Muungano umejipa hataza ya picha inayopanda kutoka kwenye sufuria ya pilau hadi mawinguni. Umejipa hataza ya bwana harusi kuegemea gari lisilo lake. Mbaya zaidi, umejipa hataza ya chozi la mama ya msichana. Jirani yetu mmoja alianza kulia katika ruracio ya bintiye wakati kamera ya Muungano ilikuwa bado njiani, na binamu yake akatoa simu ili amrekodi. Msimamizi wa Muungano alimwamuru mama yule asimamishe chozi mpaka vyombo halali vifike. Vilipofika, mama alikuwa amesahau kilichokuwa kikimliza, ikabidi wamtajie bei ya viazi.

3. Wamefunga hata milango ya pembeni. Utaniuliza, mzee, kwa nini msipige video kwa simu? Swali zuri. Muungano umefanya mapatano na mwenye hema, mwenye viti, mwenye spika na maemsii wote wawili wa eneo hili. Ukipatikana na kamera isiyo na leseni yao, hema linakunjwa watu wakiwa ndani. Yuko mtu wa Muungano anayezunguka kwa pikipiki akiwa na darubini. Mwezi uliopita alimkamata mtoto aliyeshika kipande cha mbao akijifanya anapiga picha, akamwandikia onyo.

Nilimshauri Sue tufanye sherehe bila video yoyote. Sue ni mwanamke wa kanisa na hasemi uongo. Aliniambia, "Baba, ruracio bila video watu watasema hatukulipwa. Dada zangu wako Amerika. Nitawaonyesha nini, mbuzi?"

4. Wanalazimisha makosa. Hapa nakuomba ukae vizuri. Wewe wajua desturi yetu. Wasichana hufunikwa kwa leso kuanzia utosini hadi miguuni, wasimame kwa safu, na mchumba amtambue wake. Akishika asiye wake, hutozwa faini na watu hucheka. Desturi ni hiyo tu. Lakini Muungano umegundua kwamba mchumba akipatia mara ya kwanza video inakuwa fupi, na fupi haina soko kwenye mtandao. Sasa mkataba wao unasema kwamba mchumba sharti akosee mara mbili. Kijana mmoja alimtambua wake papo hapo, kwa viatu, na Kiarie akamrudisha nyuma aanze tena. Mara ya pili, kwa kutii, alimshika shangazi. Mara ya tatu shangazi alikataa kuachiliwa. Kesi hiyo bado iko kwa chifu.

5. Wanabana hotuba za wazee. Mzee akisimama kunena, Muungano unampa dakika mbili, kisha taa nyekundu inawaka. Walifanya utafiti, wakaona kwamba mtazamaji hawezi kuvumilia zaidi. Mheshimiwa, dakika mbili hazinitoshi hata kusalimia kwa mpangilio unaofaa. Nimeandaa hotuba ya Mugure. Inaanzia na babu yangu alipokuja kufanya kazi ya kukamua ng'ombe katika shamba la mzungu hapa juu, na inamfikia Mugure mwenyewe baada ya mapumziko ya chai.

6. Hawataji watu majina. Jina la Muungano hujaza kioo mwanzoni na mwishoni, lakini waliomo ndani ya video hawatajwi. Katika video ya binti wa kaka yangu, marehemu mke wangu ameandikwa "Shosho wa sweta," yaani nyanya mwenye sweta, basi. Alikuwa na jina. Alilibeba vizuri, na hivi sasa analibeba mjukuu wake. Hili halichekeshi kama mengine, nami naliacha hapo.

7. Wametimua wenye vipaji. Chelagat, binamu yake Micah, ana kamera moja nzuri na jicho bora kuliko hao wanne wakijumlishwa. Alipigwa vita hapa mpaka akahamia Kabazi. Huko kuna jua, kuna nafasi, na mwenye darubini hafiki kwa sababu pikipiki yake haipendi mlima. Sasa wapiga video wote waliokataa leseni wako Kabazi, na watu wanapeleka sherehe zao huko kwa malori. Chelagat alijitolea kutupigia bure tukifika. Lakini mahari hupokelewa nyumbani kwa msichana. Hatuwezi kumwambia Micah alete mbuzi kwa boma la kukodi kana kwamba tunauza cherehani. Na kusema kweli, barabara ile ingenimaliza kabla ya kona ya pili, na ruracio ingebadilishwa jina hapo hapo.

8. Nikiwa kwenye mada hii, nimechunguza pia Kifo, na nimeona kina dalili zote za ukiritimba. Hakina mshindani. Kinapanga tarehe bila kumuuliza mteja. Huduma yake ni moja kwa wote na hakipokei malalamiko. Sikuombi ukivunje, maana najua ofisi yako ina upungufu wa wafanyakazi. Naomba tu, iwapo mna mawasiliano nacho, kiagizwe kisubiri mpaka shauri la kwanza limalizike. Kumwita shahidi kabla hajatoa ushahidi ni kuingilia kesi.

Sasa Mheshimiwa, nimefika mahali ambapo mkono unakuwa mzito. Ni lazima ujue Kiarie aliyatoa wapi haya yote. Aliyatoa kwangu.

Nilikuwa nikifundisha Kidato cha Pili mapinduzi ya viwanda. Darasa lilikuwa limelala kwa baridi, nami ili kuliamsha nikachepuka kidogo kwenye historia ya sinema. Niliwaeleza jinsi mwaka wa 1908 huko Amerika kampuni kubwa za filamu zilivyoacha kushtakiana, zikaweka hataza zao za kamera na za mashine za kuonyeshea kwenye kapu moja. Kila mwenye ukumbi alilipa dola mbili kwa wiki kwa ruhusa ya kutumia mashine aliyokwisha kuinunua. Waliofanya mapatano na mtengenezaji wa ukanda wa filamu walipata ukanda, na wengine wakaambulia patupu. Filamu zilifupishwa, kwa kuwa wakubwa waliamini kwamba mtazamaji atachoka. Waigizaji hawakutajwa majina, wasije wakaomba mshahara mkubwa. Walioasi walijificha, na baadhi yao wakaenda mbali, Kalifonia, kwenye jua. Nilieleza kwa ufundi. Hata mimi nilijisikia.

Kiarie aliyekuwa akilala dawati la nyuma aliinua kichwa. Sikuwahi kumwona akiinua kichwa kabla ya siku hiyo.

Kisha kengele ikalia. Nikasema tutamalizia kesho. Kesho yake alikuja mkaguzi wa shule, nikarudi kwenye silabasi kama mtu mwema. Kiarie alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na wale wa kamera iliishaje?" Nikamwambia aketi, hilo haliko kwenye mtihani.

Kwa hiyo mtoto huyu alikua akijua nusu ya historia. Hajui kwamba serikali ya Amerika iliupeleka muungano ule mahakamani mwaka wa 1912. Hajui kwamba mwaka wa 1915 jaji aliamua kuwa hataza haimpi mtu ruhusa ya kuvunja sheria ya ushindani. Hajui kwamba mwaka wa 1917 Mahakama ya Juu kabisa ilisema ukishamuuzia mtu mashine, huwezi kumchagulia filamu za kuionyeshea. Wala hajui kwamba wale wakimbizi wa juani ndio waliokuja kuwa wakubwa, na wale wenye kapu la hataza wakasahaulika. Kiarie anadhani muungano ule ungali unatawala mpaka leo. Alijenga biashara yake yote juu ya kengele iliyolia mapema.

Nilijaribu kumwambia. Nilimketisha hapa kando ya kitanda, nikamsomea nusu iliyobaki. Alisikiliza kwa heshima kubwa, kisha akamgeukia Sue na kumwambia polepole, akidhani sisikii, "Mathe, hizi dawa zinamsumbua mzee. Hiyo kitu haikuwa kwa mtihani."

Mheshimiwa, nimekiri makosa mengi kwa Mungu na ameyapokea bila kunisumbua. Hili bado linanikaba. Mwalimu asiyemaliza somo huwa ameuza panga lisilo na mpini, na sasa panga hilo liko shingoni mwa mjukuu wangu.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo. Muungano uvunjwe mara moja na kila mwenye chombo arudi kumchukia mwenzake kama zamani. Chozi la mama litangazwe kuwa mali ya umma. Chelagat aruhusiwe kurudi Dundori bila kunyang'anywa kamera. Kiarie aitwe na ofisi yako kwa barua yenye muhuri, afike nyumbani kwangu akiwa na kalamu, nami nimfundishe kipindi kilichobaki mbele ya ofisa wako, ambaye atathibitisha kwamba sina homa. Na mwisho, tarehe ya ruracio itolewe na mahakama, iwe ya karibu, siku ya Jumamosi, kusiwe na mechi.

Nimalizie hapa kwa sababu Sue anataka kunigeuza upande wa pili. Wasalimie makarani wako, hasa yule atakayeifungua barua hii akidhani ni ya mtu wa kawaida. Wasalimie waliokuzaa kama wapo, na kama hawapo nitawasalimia mwenyewe. Micah anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Mbuzi nao wako salama.

Aliyekuwa mwalimu wa mshtakiwa, na kwa hiyo mshtakiwa wa pili,

Gachanja Muiruri

N.B. Barua hii ilikaa chini ya mto kwa siku kadhaa kwa kukosa wa kuipeleka posta, na katika muda huo mambo yamebadilika, nami sina budi kukueleza.

Mugure alizungumza na daktari. Sijui walisemezana nini, lakini Jumapili baada ya ibada watu wa Molo walijaa hapa uani bila kutangazwa. Hakukuwa na hema wala spika, na watu walikalia magunia ya viazi. Sue alilalamika kuhusu dada zake wa Amerika mpaka Mugure alipomwita kando na kumwambia neno moja. Akarudi macho yakiwa mekundu, akakusanya simu zote na kuzifungia kabatini, mwenye darubini asipate kisingizio. Kiarie mwenyewe alikuja mbio kukagua. Alipoona hakuna kamera hata moja alichanganyikiwa kabisa, kwa kuwa mkataba wake hausemi lolote kuhusu watu wanaofurahi bila kurekodiwa. Akapewa sahani akakaa.

Mimi nilitolewa nje kwenye kiti. Upepo ulikuwa mkali, na Chelagat, ambaye ni mkarimu lakini hafikirii, alinifunika leso kichwani mpaka miguuni, kisha akaenda kuchukua chai. Wasichana waliofunikwa walipoletwa, walipangwa kando yangu.

Micah alipita safu yote kwa makini. Akafika mwisho. Akasimama. Akanishika mkono kwa upendo ambao sikuupata tangu mke wangu afariki, akatangaza mbele ya wazee wa koo mbili kwamba huyu ndiye wake.

Nilikubali. Nilisema ndiyo kwa sauti nyembamba kadiri nilivyoweza. Mugure alicheka ndani ya leso yake mpaka akaanguka, na hivyo ndivyo Micah alivyomtambua. Faini ilikuwa mbuzi wawili, mmoja wangu binafsi kwa kuvunjiwa uchumba. Nilitoa hotuba yangu yote, na hakuna taa iliyowaka. Kiarie alishika kichwa kwa mikono miwili akasema, "Mwalimu, hiyo shoti haijawahi kutokea duniani, na hakuna mtu ameshika kamera." Kisha akalia kama mama ya msichana.

Sasa Mheshimiwa, kwa kuwa hakuna video, kisa hiki kipo mdomoni tu, na kila mtu Dundori anakisimulia anavyotaka. Wapo wanaosema nilibusiwa. Wapo wasiokuwepo na wanajiweka mstari wa mbele. Hali hii haivumiliki. Naomba basi uyapuuze malalamiko yote niliyoandika hapo juu, na badala yake unisajilie hataza ya kisa hiki, niwe msimulizi wake wa pekee halali. Atakayetaka kukisimulia sharti apate leseni kwangu. Leseni haiuzwi. Mwombaji anakuja mwenyewe, anaketi kando ya kitanda, anasikiliza kisa kizima na hotuba yake, kisha anakunywa chai. Foleni imeshaanza, na Sue amenunua vikombe zaidi. Kiarie nimemteua wakala wangu kwa sababu ya uzoefu wake, na anakuja kila siku. Leo ameniuliza tena wale wa kamera iliishaje, na tumefika 1912.

Nimesikia kwamba huko Molo wanakisimulia bila leseni, na kwamba kwa masimulizi yao Micah alinichagua mara mbili. Tafadhali tuma mtu mwenye pikipiki haraka.

G.M.